Mshika Ukuta wa Alquihue

Valdivia, 9 Machi 1992

Bibi yangu,

Kwanza nakubusu mikono yote miwili, halafu niache nilie. Profesa Hildebrandt amenirudishia mada ya tatu. Ya tatu, Bibi! Ya kwanza ilikuwa simiti inayokauka kwenye baridi. Akasema hiyo imeandikwa mpaka wino umechoka. Ya pili, vyuma vya kuimarisha nguzo. Hakufika hata ukurasa wa pili. Ya tatu nilidhani nimempata: lile daraja kubwa ambalo kila mwanasiasa anatuahidi, la kukiunganisha kisiwa chetu na bara. Akavua miwani, akaniuliza, “Binti Cárcamo, katika yote haya, ni lipi usilolijua na linalokunyima usingizi?” Nikaanza kupekua karatasi zangu. Akasema, “Basi nenda. Ukipata swali, rudi.”

Mwisho ni tarehe 30 Aprili. Wenzangu kumi na mmoja mada zao zimeshapita, wanatembea vifua mbele. Asiyekuwa na mada siku hiyo anafutwa kwenye orodha ya mwaka wa mwisho, na nafasi yangu wapo wanaoimezea mate. Miaka mitano ya kula mkate na chai ipotee hivihivi, nirudi nyumbani mikono mitupu, mhandisi wa nusu.

Jambo jingine. Tangu Januari nimepiga simu dukani mara nne, na kila mara mwenye duka, yule mama, ananiambia uko shambani unachimba viazi. Jumapili wakati wa misa pia unachimba viazi? Umeninunia, Bibi? Kama nimekosa niambie.

Mjukuu wako,
Yasna


Alquihue, 15 Machi

Yasna,

Sijakununia. Simu ya dukani ina wasikilizaji wengi, nikikohoa tu kisiwa kizima kinaniletea dawa. Anayetaka kusema nami aandike. Karatasi haikatiki katikati ya maneno.

Profesa wako mpe pole. Na wewe pia pole, lakini daraja achana nalo, mimi nimeahidiwa daraja hilo tangu sijaolewa. Simiti nayo! Nimekulea miaka kumi na saba kwenye nyumba ya mbao tupu, unakwenda kuandika simiti.

Huku mambo ni haya. Bahari imekula banda la kuku. Usishtuke, kuku walikuwa nje. Lakini kutoka mlango wa jikoni hadi ukingo wa genge ni hatua tisa, na mwaka jana zilikuwa ishirini na mbili. Kwa hiyo nimeita minga, kijiji kizima kije kuvuta. Jumamosi tarehe 4 Aprili, maji yakiwa ya bamvua, tunaihamisha nyumba ikiwa nzima ng'ambo ya ghuba, kwenye kipande changu nyuma ya kanisa. Mzee Eleodoro analeta jozi kumi na mbili za ng'ombe, na wavuvi wanne wamekubali kuikokota kwa boti ikielea. Kazi yangu ni kuwalisha watu, kama ilivyo desturi: nguruwe mmoja, magunia matatu ya viazi, kome wa kutosha, na chicha, pombe yetu ya matofaa, mpaka wenyewe waseme basi.

Na mshika ukuta nitakuwa mimi. Nimeshika kuta za watu kwa miaka thelathini na minane, nyumba thelathini na moja, sasa zamu ya yangu imefika. Nitaingia ndani peke yangu wakivuta, na mbao zikitaka kupasuka nitapiga ukelele “Simama!” na ng'ombe wote ishirini na wanne watasimama, hata padri akiwa amekaa mgongoni mwa mmoja wao. Ukija, uje kula. Vipimo vyako viache hukohuko.

Bibi yako,
Clorinda Nauto


Valdivia, 22 Machi

Kwa heshima nyingi, Mzee Eleodoro Barría,

Nisamehe kwa kukuandikia bila Bibi kujua. Nakuomba uisome barua hii peke yako, kisha uitie jikoni iungue.

Jana nilipiga simu dukani tena. Safari hii alipokea mume, naye hakuwa amefundishwa la kusema. Nilipomwomba aniitie Bibi Clorinda alicheka, akaniambia, “Utaongeaje na kiziwi kwenye simu, binti?” Halafu akajua ameropoka, akaanza kukohoa.

Mzee, Bibi hasikii. Ana miaka na miaka hasikii, anasoma midomo ya watu. Sasa ndiyo naelewa kwa nini tangu nikiwa mtoto ananikalisha mbele yake penye mwanga, na mimi nikidhani anapenda tu kuutazama uso wangu. Jumamosi ya minga ataingia ndani ya nyumba, ninyi mtavuta, na kazi yake ni kusikiliza mbao kabla hazijavunjika. Atasikiliza kwa kitu gani? Nimepiga hesabu usiku na mchana. Nyumba ina miaka sitini, mteremko wa kushuka pwani ni mkali, na nguzo ya pembe ya jikoni imeshaanza kuoza kwa unyevu. Ikipasuka, paa lote linamshukia.

Nakuomba kwa magoti, umweke mtu mwingine. Binamu yangu Orfelina ana masikio makali, anasikia hata maziwa yakitaka kuchemka nyumba ya jirani. Mimi nitafika Ijumaa.

Wako mtiifu,
Yasna Cárcamo


Alquihue, 28 Machi

Binti Yasna,

Barua yako nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Nilikuwa sijui. Miaka yote hii nampigia kelele kutoka nyuma, hageuki, nikadhani ananidharau.

Tangu enzi za baba yangu hakuna aliyewahi kumwondoa mshika ukuta, sembuse kumwondoa kwenye nyumba yake mwenyewe. Ila sitaki kumzika Clorinda chini ya paa lake. Jana nilimwendea, nikasimama mbele yake penye mwanga, nikamwambia kwamba ndani ataingia Orfelina. Hakubisha. Aliuliza tu ni nani kanipa habari, na mimi uongo sijauzoea. Akaokota jembe lake akarudi shambani.

Orfelina amekubali. Barua sikuichoma, ameichukua bibi yako.

E. Barría


Valdivia, 7 Aprili

Bibi,

Nilikaa kwako siku mbili na hukuniangalia usoni hata mara moja. Kwa mtu anayesikia kwa macho, huko ni kunifungia mlango na kuweka komeo. Kwa hiyo naandika. Barua huwezi kuipa mgongo, labda uichane.

Nilikosa. Nilichukua siri yako nikaipeleka kwa mtu mwingine kabla ya kukuuliza wewe, nikajidai nina huruma. Kumbe nilikuwa na woga tu. Ningeweza kuja, nikakaa mbele yako penye mwanga, nikakuuliza: Bibi, unafanyaje? Swali jepesi namna hiyo halikunijia kichwani, mimi ninayesomeshwa kuuliza.

Maskini Orfelina. Alisikia kila kitu. Vigae vya mbao vikigongana paani, “Simama!” Mnyororo ukilia, “Simama!” Mara kumi na tatu, mpaka ng'ombe wakachoka na wanaume wakaanza kutukana chini kwa chini. Na ile ya kumi na nne, iliyokuwa ya kweli, hakuisikia kabisa. Nguzo ya jikoni ilipopasuka nilidhani ni bunduki. Nyumba ikainama pale pale kwenye mteremko, hatua chache kutoka majini, na maji yalikuwa yanapanda. Mzee Eleodoro akavua kofia, akaishika tu mkononi. Nilimtazama nikajua hana la kufanya. Maji yakiifikia ikiwa imeinama, yangeipasua vipande viwili, na hiyo ndiyo nyumba pekee uliyonayo duniani. Mimi na hesabu zangu nilikuwa nimesimama hapo nimeshika kichwa.

Wewe ulikuwa umekaa na wanawake, unamenya viazi vya mikate ya milcao. Ukaweka kisu chini. Ukajifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja, kana kwamba kuna wageni wanakuja. Ukapita katikati ya wanaume na hakuna aliyethubutu kukuuliza unakwenda wapi. Uliingia ndani kupitia pale palipokuwa mlango wa jikoni, Orfelina akatoka analia, na kwa muda mrefu hatukuona kitu. Kisha mkono wako ukatokea dirishani. Vidole vitatu, upande wa kushoto. Mzee Eleodoro akasema, “Jozi tatu, kushoto, polepole,” na ng'ombe wakavuta, na nyumba ikaanza kunyooka, Bibi, ikanyooka kama mtu anayeinuka kitini. Mara ukapiga ukelele, “Simama!” Hakukuwa na mlio wowote, hata mimi niliyekuwa nimeuegemea ukuta kwa nje sikusikia kitu. Walipochungulia chini walikuta gogo la kuburuzia limekwama kwenye jiwe.

Wewe kila mara umekuwa ndani. Nyumba thelathini na mbili, na hujawahi kuona inavyokuwa. Acha nikusimulie.

Maji yalikuja bila haraka. Yalishika magogo, yakashika mapipa waliyoyafunga ubavuni, yakapanda mpaka kwenye kizingiti, na nyumba haikutikisika. Tulingoja. Nikaanza kuomba, mimi ambaye sijaomba tangu kipaimara. Kisha pembe moja ikainuka kidogo, upana wa kidole, ikarudi. Ikainuka tena. Halafu nyumba yote ikaachana na nchi kavu, kimyakimya, na ikawa inaelea. Hapo hakuna aliyeshangilia. Nilidhani watashangilia! Wanaume wote walikuwa wamevua kofia, na ng'ombe wale, naapa, wote walikuwa wanaitazama.

Boti zikavuta. Ile nyumba niliyofundishwa kutembea ndani yake, yenye alama za urefu wangu kwenye fremu ya mlango, ikawa inakwenda baharini, polepole, imesimama wima na bomba lake la moshi. Na kwa kuwa mlitoa madirisha yote, niliweza kuona ng'ambo kupitia ndani yake: kanisa likapita dirisha la sebuleni, likapotea, likatokea kwenye dirisha la chumba chako. Katikati ya hayo yote ulikuwepo wewe, mdogo kabisa, umeegemeza shavu kwenye ukuta. Nililia mpaka nikakaa chini kwenye kome. Nimesoma miaka mitano jinsi ya kufanya nyumba isiondoke mahali pake, na sijawahi kuona kitu kikubwa namna ile.

Nisamehe, ukiweza. Usipoweza, nitakuandikia hivyo hivyo.

Yasna


Alquihue, 13 Aprili

Yasna,

Sijaichana.

Umenivua nguo mbele ya kisiwa kizima. Hilo lazima nikwambie, na nalisema moja kwa moja ili usije ukadhani limepita. Sasa kila mtu ananisogelea na kupanua mdomo kama samaki: “BI-BI CLO-RI-NDA, U-NA-SI-KIA?” Jana jirani mmoja alinichorea picha ya sukari. Ningempiga nayo hiyo picha. Orfelina naye amelia wiki nzima, imebidi mimi ndiye nimbembeleze, mimi niliyeporwa kazi! Nina hasira na wewe, na hasira zangu huwa hazina haraka ya kuondoka.

Nyumba imetua vizuri. Nguzo ya jikoni wameweka mpya, ya mti mgumu wa mluma, itanizika.

Hayo ya nje uliyoandika nilikuwa siyajui. Nimeyasoma mara nne. La kanisa kupita madirishani nimelisoma mara nyingi zaidi, sihesabu. Kwa kuwa umenipa ya nje, na mimi si mwizi, nakupa ya ndani. Nyumba ikiwa juu ya ardhi, ukuta unauma mkono. Unatetemeka wote, kila ubao na lake. Halafu maji yakiibeba, mtetemo unaondoka miguuni kwanza, unapanda magotini, unatoka mkononi, na kunabaki kitu kimoja kikubwa kinachopanda na kushuka. Hapo ndipo huwa nasali. Mara thelathini na mbili nimekutana nacho, na kila mara nywele zinanisimama. Nyumba hii nimezalia watoto sita ndani yake na sikujua kwamba inaweza kupumua.

Basi. Kula vizuri. Una mada?

C. Nauto


Valdivia, 18 Aprili, mkesha wa Pasaka

Bibi yangu,

Barua yako nimeilalia chini ya mto. Hasira zako nazipokea, zikae zinavyotaka.

Mada sina, na zimebaki siku kumi na mbili. Lakini linaloninyima usingizi ninalo. Ni ule ukelele wako wa mwisho. Hakukuwa na mlio, Bibi. Nilikuwa nimeegemea ukuta huohuo, nina masikio mawili mazima, na mkono wangu ulikuwa juu ya ubao. Wewe ulijua na mimi sikujua. Ulijua kitu gani? Nimefungua vitabu vyote vya mbao vilivyomo maktaba, hata vile vya Kijerumani ambavyo nasoma picha tu. Vimejaa habari za mti baada ya kuvunjika. Dakika ya kabla haimo.

Nataka kuandika hilo. Nataka kufunga vipimo kwenye kuta nyumba zikihamishwa, na kuviweka kando ya mkono wako, nione mkono unajua nini. Lakini Profesa Hildebrandt sijamwambia hata neno, wala mtu mwingine yeyote. Safari hii nakuuliza wewe kwanza. Ukisema hapana itakuwa hapana, nitafunga mabegi yangu nirudi mwakani na simiti, na sitakulaumu wala kukununia.

Nakungoja,
Yasna


Alquihue, 23 Aprili

Yasna, mwanangu,

Jibu hili nimelianza mara tano, na karatasi nne nimewashia jiko. Kaa chini usome.

Watu husema Clorinda hajawahi kuvunja nyumba. Ni uongo, na mwenye uongo huo ni mimi. Nilivunja mbili. Ya kwanza mwaka wa 1955, ya pili mwaka wa 1958. Na nilipozivunja, masikio yangu yalikuwa mazima kabisa, nilisikia kila kitu kama Orfelina, na kama Orfelina nilikuwa mtumwa wa kila mlio. Sauti ya kupasuka inakuja mti ukiwa umeshapasuka. Haina faida.

Masikio yaliondoka baada ya homa kali, mwaka wa 1961, mwaka uliofuata tetemeko kubwa. Nilificha, maana niliogopa kunyang'anywa kazi niliyoipenda kuliko zote. Nikaingia kwenye nyumba iliyofuata nikiwa nimekufa kwa hofu, nikaweka kiganja ukutani kwa kukosa cha kufanya. Tangu siku hiyo, nyumba ishirini na nne, sijavunja hata moja.

Sasa sikia nilichokutana nacho, ambacho sijamwambia mtu. Ukuta ukivutwa hutetemeka, hilo yeyote atalihisi, hata wewe. Lakini pale unapotaka kupasuka, unatulia. Ubao mmoja, ule wenyewe, unaacha kutetemeka katikati ya wenzake wote. Unatulia kabisa, kama mtoto aliyekuwa analia na ghafla akanyamaza. Unapata muda wa kuvuta pumzi mara mbili, basi, halafu unakwenda. Ukelele wangu naupiga kwenye utulivu ule. Mara ya kwanza nilidhani ni Mungu. Siku hizi sijui ni nini.

Kwa nini unatulia? Nimejiuliza miaka thelathini na moja, nikilima, nikipika, nikiwa kanisani. Mimi sitapata jibu. Mpelekee profesa wako, na akikwambia anajua, muulize amejuaje.

Ruhusa nimekupa. Februari ijayo shule ya ghubani inahamishwa, utaingia nami, utaweka mkono wako kando ya wangu na vipimo vyako kando ya mikono. Jina langu uliandike lote, Clorinda Nauto Chiguay, na uandike kwamba ni kiziwi. Na zile nyumba mbili pia uziandike, la sivyo usiandike kitu.

Ile ya 1958 ilikuwa ya baba yake Eleodoro. Paa lilipoanguka nilisema ng'ombe wa mbele alivuta kabla ya wakati, na ng'ombe huyo alikuwa wa Eleodoro, kijana wa miaka kumi na tisa, amemlea mwenyewe tangu ndama. Baba yake alimlazimisha amchinje. Eleodoro hajawahi kumfunga ng'ombe mwingine mbele mpaka leo, huwa anasimama hapo yeye mwenyewe, na watu wanadhani ni ushujaa. Asije akayasoma haya kwenye kitabu chako. Nimeshavaa viatu, naandika hii nikiwa nimesimama, nakwenda kwake sasa hivi kumwambia.

Bibi yako,
Clorinda